Wananiita Dalali kwa sababu ya filimbi moja

Shangazi, shikamoo.

Naandika kwa simu ya mama. Tuko likizo fupi, naye ametoka kwenda mwaloni tangu saa 11 alfajiri, kwa hiyo nina muda mpaka arudi. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huku huku Mwanza. Jina la shule silitaji, na majina ya mabweni naomba uyabadilishe.

Shule yetu ina mabweni manne. Mimi nalala Saanane. Wapinzani wetu ni Rubondo. Hayo mengine mawili yapo tu, hayana neno na mtu. Ukiingia kidato cha kwanza, bado njuka, hata choo hujajua kilipo, dada anayelala juu yako kwenye dabo deka anakufundisha wimbo wa bweni, na ubeti wa mwisho wote ni wa kuwasema Rubondo. Nilifundishwa hivyo, na mimi nimemfundisha njuka wangu hivyo hivyo.

Sasa rafiki yangu wa tangu chekechea analala Rubondo. Mama yake na mama yangu wana meza za dagaa zinazotazamana pale mwaloni Kirumba. Tulipochaguliwa shule moja tulirukaruka kwa furaha, halafu siku ya kuripoti matroni akasoma majina, mimi huku, yeye kule. Ndiyo ikawa hivyo.

Yeye ni GS, mimi ni GK. Kama hujui netiboli, yeye kazi yake ni kufunga na mimi kazi yangu ni kumzuia. Tumekua tukicheza hivyo nyuma ya nyumba yao, goli letu ni ringi ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye mti.

Fainali ya mabweni ilichezwa Jumapili ya mwezi Machi. Zawadi ni kombe, mbuzi mmoja, na bweni linaloshinda halifagii vyoo mpaka muhula uishe. Usicheke Shangazi, watu wanapigania vyoo, siyo kombe. Robo ya nne tulikuwa 18 kwa 18. Rafiki yangu akadaka mpira chini ya goli, nikaruka, refa akapuliza. Akasema nimesogea, sikuacha umbali. Penalti. Sheria inataka nisimame pembeni yake, mikono chini, mpaka mpira umtoke mkononi. Nikasimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka na jua lilikuwa kali, nikamwambia, "Haya funga basi, tumalize." Akafunga. Hatujavuka hata nusu ya uwanja filimbi ya mwisho ikalia.

Neno langu lilisikika. GD wetu, mlinzi mwenzangu, ambaye ndiye kapteni, alikuwa hatua mbili kutoka pale. Na Jumamosi yake ilikuwa siku ya wageni. Mama alileta sato wa kukaanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, akatuita wote wawili tukala chini ya mwembe, sahani moja, shule nzima inatuona. Basi hesabu ikapigwa: jana wamekula pamoja, leo kamwambia funga. Nimeuza mechi. Kwa samaki.

Tangu jioni ile jina langu ni Dalali. Ndoo yangu iliondolewa kwenye foleni ya maji Jumatatu alfajiri, nikaikuta nyuma ya jiko ina jivu. Jumatano nimetoka prepo saa 4 usiku nakuta godoro limelowa, nikalala juu ya tranka. Ijumaa likalowa tena. Mezani nikikaa wenzangu wanabeba sahani wanahama. Njuka wangu amekatazwa kunisalimia, ananisalimia kwa macho tu. Na Rubondo nao, baada ya kumla mbuzi wao, wakapita mbele ya bweni letu na mifupa wakiimba "Asante Dalali". Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mwalimu wa michezo ametuchagua mimi, rafiki yangu na kapteni kwenye timu ya shule. Tukirudi tunaanza mazoezi ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. GK na GD wanatakiwa kuongea muda wote, na huyu haniongeleshi hata "pisha".

Nakwambia la moyoni, usiniseme sana. Nimewaza nikirudi niseme kwamba rafiki yangu alinipa maji kwenye chupa yake kabla ya mechi na baada ya hapo miguu ikawa mizito. Wangeamini. Asubuhi ya fainali kuna watu walikuta chumvi imemwagwa chini ya goli letu, mpaka leo inasemwa. Angalau wangeniacha mimi.

Siyo kwamba sijui utani. Mwaka jana kwenye mbio za kupokezana vijiti kuna mwenzetu wa kidato cha pili, bweni letu hili hili, alidondosha kijiti tukamwita Sabuni mpaka akahama, sasa anasoma shule ya kutwa. Lakini ule ulikuwa utani tu, hakuna aliyemmwagia maji.

Mama anasema nisali na ninyamaze, wasichana watachoka wenyewe. Nihame bweni? Niache netiboli? Nisaidie kabla shule haijafunguliwa.

Mimi Dalali wa kusingiziwa, Kirumba.

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Mabweni nimeyabadilisha kama ulivyoomba, nikakopa majina ya visiwa vyetu. Saanane unakiona ukisimama Capri Point, Rubondo kiko mbali kule upande wa Geita, na sijawahi kusikia vimegombana.

Tuanze na filimbi, maana hapo ndipo wenzako walipokosea hesabu, na inaelekea hata wewe umeanza kujitilia shaka. Umbali wa mlinzi na mwenye mpira ni futi 3, kama sentimita 90. Unapimwa chini, mguu kwa mguu, kuanzia pale alipotua mwenye mpira. Mkono unaweza kuunyoosha utakavyo. Kuruka ruksa. Lakini ukiruka kwenda mbele, mpira ukaukosa, ukatua ndani ya hizo sentimita 90 na umemzuia asirushe, refa hana la kufanya ila kupuliza. Kila GK aliyewahi kuishi amepulizwa kwa kosa hilo, na mara nyingi ni robo ya nne, kwa sababu miguu iliyochoka hairuki juu, inaruka mbele. Nililala bweni miaka sita na nilicheza GD, nayajua haya kwa vidole vya miguu.

Halafu wakumbushe, au tuseme jikumbushe wewe kwanza, kwamba GK haruhusiwi kutoka kwenye theluthi yake ya uwanja. Mpira ukishapita pale unabaki unapiga makofi. Kwa timu yenu kufunga wanaruhusiwa wawili tu, GS na GA. Mlimaliza na magoli 18 dakika zote zile. Mangapi yaligonga pete yakatoka? Hakuna anayeyataja, maana yalikosekana robo ya kwanza watu bado wanatafuta kivuli cha kukaa. Goli la mwisho ndilo linalopewa jina la mtu. Hata Kirumba uwanjani, Simba au Yanga wakija, beki akijikwaa dakika ya 89 utasikia jukwaa zima "kauza, kauza", na anayepiga kelele ni baba wa watu mwenye heshima zake. Wenzako hawakubuni kitu. Wameleta bwenini lugha waliyoisikia kwa kaka zao.

Ila kuna kimoja chako, na nitakusema kidogo. "Funga basi, tumalize" halikuwa neno la kutoka kinywani mwa mlinda goli. Najua lilitoka wapi. Najua pia kwamba sheria ndiyo iliyowasimamisha bega kwa bega, na kwa mtu wa pembeni mlionekana kama mnapigwa picha ya mahafali. Lakini kapteni wako amelisikia kwa masikio yake, na ukisema hukusema utakuwa unadanganya mbele ya shahidi. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hamjaanza, mwite pembeni. Usimfuate bwenini, pale ana watazamaji, na mtu mwenye watazamaji hawezi kulegea. Mwambie lilikutoka kwa uchovu, unaomba radhi kwa neno hilo. Mechi hukuuza. Basi, nyamaza hapo. Usimlilie, usimweleze habari za godoro, usimtaje rafiki yako. Akikujibu vibaya, nenda kasimame kwenye nafasi yako na uanze kumwita mpira unapokuja: "kushoto", "nyuma yako", "wa kwako". Ataitika kabla ya mechi ya tatu. Hawezi kucheza GD na mtu bubu nyuma yake, na kama anataka kufika ngazi ya mkoa anakuhitaji kuliko anavyojua.

Godoro ni habari nyingine kabisa, na hapo sikubaliani na mama yako, ingawa namheshimu. Kuimbiana ni ushindani. Wasukuma tulikuwa nao kabla Waingereza hawajatuletea mtindo wao wa kugawa wanafunzi kwa nyumba na kuwashindanisha. Mwulize bibi yako habari za Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya ngoma yaliyoanzishwa na Gumha na Ngika karne ya 19. Mpaka leo wanakutana Bujora kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mwezi wa 6, kila kundi linacheza upande wake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Huko kejeli zinaimbwa mpaka unamwonea mtu huruma. Lakini kejeli inaimbwa uwanjani, mchana, na anayeimbwa ana ngoma yake mkononi ya kujibia. Kumlowanishia mtu godoro saa 4 usiku hakuna ngoma hapo. Huo ni uonevu na shule inao wajibu wa kuukomesha.

Mama asali, na akimaliza kusali aje nawe siku ya kufungua. Atakuja tu, tranka lile utalibebaje peke yako. Mkifika mwombeni matroni dakika 10, na mwalimu wa malezi awepo. Usiseme "wananionea", neno hilo matroni hulisikia kila siku, lishachakaa. Sema kama ulivyoniandikia mimi: Jumatatu alfajiri ndoo, nimeikuta nyuma ya jiko. Jumatano godoro, nikalala kwenye tranka. Ijumaa tena. Nani wanalala vitanda vya jirani, nani alikuwa zamu ya kufunga mlango wa bweni. Utaogopa kuitwa mmbea. Wameshakuita Dalali, sijui umbea utakuongezea nini. Na wakipuuza, mama apige 116, ile namba ya kusaidia watoto. Haitozwi hela.

Sasa lile la chupa ya maji. Umeniomba nisikuseme sana, na nitakunyima.

Mwanangu, wewe umezaliwa Usukumani. Huku kwetu wamekufa vikongwe kwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yaliiva kwa moshi wa kupikia, miaka 50 unapuliza kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kila mmoja wao alianza na mtu mmoja aliyesema maneno madogo kama hayo yako. "Alinipa maji, miguu ikawa mizito." Unafikiri yataishia bwenini? Likizo ya mwezi wa 6 yatafika mwaloni. Meza mbili zinazotazamana, mama wawili, wateja wanapita katikati wanaangalia upande gani wanunue. Hutaweza kuyarudisha, hata ukisimama mstarini mbele ya shule nzima ukaapa. Na rafiki yako alifanya nini? Alifunga penalti. Angekosa makusudi, huyo sasa ndiye angekuwa ameuza mechi, na ungekuwa na sababu ya kumdharau. Hiyo chumvi ya chini ya goli mwachie mpishi, ndiye mwenye hasara.

Ufute kabisa wazo hilo. Usilisimulie hata kama mfano.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale kwa Sabuni. Umempa mistari mitatu tu, halafu umekimbilia kwa mama yako na sala. "Ule ulikuwa utani tu." Tangu lini? Utani ninaoujua mimi una pande mbili. Mtani wako akija msibani akajilaza kaburini, na wewe siku ya msiba wake utakwenda kumfanyia vituko, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Yule mtoto wa kidato cha pili alikuwa anawajibu nini? Bweni zima upande mmoja, yeye peke yake upande wa pili, na kijiti chenyewe mkononi kilikuwa kimelowa jasho la waliotangulia kukimbia nacho. Wewe umevumilia wiki chache na tayari unaniuliza kuhusu kuhama. Yeye alihama kweli. Wazazi wake walilipia sare mpya na nauli ya daladala kila siku ili binti yao asiitwe Sabuni.

Sisemi mlichofanyiwa kinalingana. Maji ni maji. Ila umeandika kwamba hakuna aliyemmwagia maji kana kwamba hicho ndicho kipimo, na sasa unajua mwenyewe kwamba jina peke yake linatosha kumtoa mtu kitandani. Umesema ni mifupa na ule wimbo ndivyo vilivyokumaliza, hukusema godoro.

Kwa hiyo kabla ya kufungua shule, mtafute. Mji wetu siyo mkubwa kiasi hicho, na wasichana mnajua nani anakaa Igoma na nani Mkolani kuliko mtendaji wa kata. Usimpelekee hotuba. Kama mama ana matobolwa yaliyobaki, beba kidogo. Mwite jina lake la darasani, mwambie ulikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimwita lile jingine na umekuja kuomba msamaha. Anaweza kukufungia mlango. Ana haki hiyo, utageuka urudi na daladala uliyokujia. Usimwambie yaliyokupata wewe ili akuonee huruma. Akishayasikia kwa wengine ataamua mwenyewe kucheka au kutocheka.

Kuhama bweni: bado. Ukihamia Rubondo utakuwa umewasainia karatasi. Lakini kama matroni ameshaambiwa na godoro likalowa tena, hama, na usione haya. Bweni ni mahali pa kulala na kuamka ukapige msuli. Mwakani una pepa za kidato cha nne, na mtu anayelala juu ya bati la tranka hafaulu hesabu. Omba mojawapo ya yale mawili uliyosema hayana neno na mtu. Nina hisia kule wanalala vizuri sana. Netiboli usiache. Huna sababu hata moja ya kuiacha.

Njuka wako, huyo anayekusalimia kwa macho, ukirudi msalimie wewe kwanza, kwa sauti, mbele ya watu. Asilazimike kuchagua. Na mwakani akipata njuka wake, ule ubeti wa mwisho muutazame upya pamoja. Rubondo wasemwe, sawa, ila pawepo na nafasi ya wao kujibu.

Kuhusu mguu wako. Rafiki yako yuko likizo pia, tena mnakaa karibu. Ile ringi bado ipo? Kateni kamba futi 3, fungeni ncha moja kwenye kifundo chake cha mguu na nyingine kwenye chako. Yeye arushe, wewe uruke juu, mara 50 asubuhi na 50 jioni. Ukitua kamba ikalegea, umesogea. Mkifanya hivyo kila siku mpaka shule ifunguliwe, mguu utajifunza wenyewe. Kamba ya manila vipande vimejaa hapo mwaloni kwa wavuvi, mtapewa bure.

Shangazi